Sebule ya Inshirah

Mlango wangu unatazamana na wa Inshirah, ngazi ikipita katikati. Tumeishi hivyo tangu binti yake Dalal hajaota meno, na sasa Dalal anasoma sekondari. Kwa hiyo haya ninayoyaandika mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine amenisimulia mwenyewe tukiwa juu ya paa tunachambua mlenda. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika hakukataa. Alisema tu, "Andika, dada, lakini usinifanye malaika. Na usisahau kuweka kwamba mume wangu ni mbishi."

Basi nimeshaweka.

Mumewe ni fundi Rashad, mchonga nakshi. Hapa kwetu Dumyat karakana za samani ziko kila kichochoro, watoto wanabembelezwa na mlio wa randa, lakini wachonga nakshi wa kiwango cha Rashad si wengi. Kazi yake ni makochi ya harusi, yale ya miguu iliyopinda na maua ya waridi mgongoni, yanayopakwa rangi ya dhahabu mpaka yanang'aa kama jua la asubuhi. Mabibi harusi wa Kairo na wa Mansura wamepigwa picha mbele ya kazi ya mkono wake. Alipooa yeye, alimchongea Inshirah seti ambayo hakumchongea mtu mwingine yeyote. Mafundi walipoipandisha ngazini, majirani walitoka milangoni kuitazama kama wanaomtazama bibi harusi mwenyewe.

Seti ikaingizwa kwenye sebule ya wageni, ikafunikwa mashuka meupe, na mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Ndivyo tulivyofanya sote katika jengo letu. Sebule ya wageni ndicho chumba kizuri kuliko vyote, chenye madirisha ya kaskazini panapoingia upepo wa baharini. Wenye nyumba wenyewe wanakaa kwenye ukumbi mdogo wa katikati, wamebanana na friji na televisheni, kwenye viti vya plastiki. Sahani za kaure alizokuja nazo mke siku ya harusi zinapangwa kwenye kabati la vioo, zinafutwa vumbi kila Alhamisi, na watu wanakula kwenye za plastiki. Wageni wa kuwekewa heshima hiyo ni wa posa, wa Idi na wa matanga. Kwa Inshirah, mara ya mwisho sebule kukaa wazi siku nyingi ni pale mama mkwe wake alipofariki. Arubaini ilipokwisha ikafungwa tena. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Kisha kifua cha Rashad kikaharibika. Vumbi la mbao na moshi wa vanishi alivyovuta tangu ujana wake vilikuwa vimemkaa humo ndani. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akirudi kwenye vumbi asitegemee kuiona miaka mingi. Akae nyumbani, apate hewa safi, atulie.

Akae nyumbani! Rashad hakuwahi kukaa nyumbani. Asubuhi alikuwa karakana, jioni mkahawani na wenzake, usiku anakuja kulala. Sasa ndiye huyo, kwenye kiti cha plastiki kati ya friji na mlango wa jikoni, na kila anayepita anamwambia "samahani, baba," naye anakunja miguu. Chumba chao cha kulala kinatazama kishimo cha hewa kilicho katikati ya jengo, ambamo harufu za vitunguu za jikoni zote zinapanda kwa pamoja. Alikohoa, na alipomaliza kukohoa aligomba. Aligomba na chumvi ya mchuzi, na televisheni, na viatu vya Dalal.

Siku moja nilikwenda kuazima kinu nikamkuta anasema, "Idi ikipita narudi kazini. Haji Atwa ameniwekea nafasi yangu."

Haji Atwa ndiye mwenye karakana.

"Baba Dalal, daktari si alisema..."

"Daktari hajakaa kwenye kiti hiki. Mlete akae hapa wiki moja, uone kama hataomba vumbi."

 Inshirah alinipa kinu, na nilipomtazama usoni nikajua kwamba anaihesabia Idi ile kama watu wanavyohesabia siku ya kesi. Mume alikuwa anakwenda kufa kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mahali pa kukaa.

Anasema ilimjia alfajiri moja akiwa bado juu ya mswala. Upande wa nyuma alimsikia Rashad akikohoa. Upande wa mbele akasikia mlango wa sebule ukitikisika, kwa sababu upepo ulikuwa umeingia kupitia nafasi za madirisha na unasukuma kutoka ndani.

"Nikajiuliza, dada," aliniambia. "Upepo ule namwekea nani?"

Mwanamke mwingine angeita ndugu, angelia, angemtuma imamu wa msikiti amwonye mumewe. Inshirah alikaa akafikiri. Dawa ya mapafu haijui, lakini nyumba ni yake, na wanavyoishi ndani ya nyumba ile ni jambo analoweza kuchagua. Akaona pia kwamba akigeuza mambo yote kwa pamoja, Rashad atayakataa yote kwa pamoja. Achague moja, lishike, ndipo alete jingine.

Asubuhi ile ile aliufungua mlango wa sebule na madirisha yake yote. Mashuka meupe akayatoa, akayafua, akayakata vitambaa vya jikoni. Hilo la kuyakata ndilo ninalomsifia hasa. Shuka zima lingemwita kila siku alirudishe, na yeye anajijua moyo wake.

Rashad aliposikia hewa imebadilika ukumbini, alikuja akasimama mlangoni.

"Nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja."

"Mbona umefungua?"

"Nakunywa chai."

Kweli alikuwa amekaa kwenye kochi lile la dhahabu, kikombe mkononi, kanga ya nyumbani kichwani. Rashad alimtazama kama mtu aliyemkuta mkewe amepanda juu ya meza ya karamu ya harusi.

"Unywe chai ukumbini kama watu," alisema, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki.

Inshirah hakumfuata wala hakumbembeleza. Kesho yake alikunywa chai pale pale, na keshokutwa, kila baada ya swala ya alasiri. Dalal akaanza kuja na vitabu vyake kwa sababu meza ya marumaru ni pana. Mimi nikaanza kuitwa. Tulicheka sana sebuleni mle, Mungu atusamehe, mara nyingine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana tulijua kuna masikio ukumbini. Aliweka na chungu cha mrehani dirishani, upepo ukipita unabeba harufu yake mpaka kwenye friji.

Wakati huo huo alikuwa amechagua jambo jingine. Aliacha kumuuliza mumewe "umeamkaje na kifua." Alianza kumuuliza mambo ambayo mtu mzima mwenye akili huulizwa: pazia hili tulipandishe, Dalal achukue masomo gani, samaki wa leo tuwaoke au tuwakaange. Habari za misiba, bei na magonjwa hazikuruhusiwa asubuhi mpaka watu wamalize maharage yao. Nilipomletea habari ya jirani aliyevunjika nyonga aliniwekea kidole mdomoni: "Baada ya chai, dada. Hata nyonga inaweza kungoja chai."

Jioni moja Rashad akaja mwenyewe.  Alikaa ukingoni mwa kiti kimojawapo, magoti yamebanana, mikono juu ya magoti.

Dalal akainua macho kwenye kitabu. "Baba, umekaa kama umekuja kumposa mama."

"Na akinikataa?"

"Utaambiwa usubiri jibu," alisema Inshirah. "Kwanza tuulize tabia zako mtaani."

Mimi nilikuwepo. Nilimwona akitabasamu, na ndipo akasahau akaegemea. Papo hapo akaruka mbele. Akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Akaegemea tena polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili, akawa anahangaika kama mtu aliyeingiwa na siafu.

"Vipi, baba Dalal?"

"Hakuna kitu."

"Ni waridi?"

 Akageuka akalitazama lile ua alilolichonga kwa mkono wake mwenyewe katikati ya mgongo wa kiti, limetuna, petali zimesimama, zuri ajabu. Akalishika kwa kidole.

"Linachoma," alisema.

"Linachoma tangu siku ya harusi," alisema Inshirah. "Dada yako Nabawia alikaa hapo, alipoinuka alikuwa na alama mgongoni."

"Na wewe hukuniambia?"

"Ulikichonga kwa mapenzi, ningekuambiaje? Halafu tukakifunika."

Nilidhani Rashad atakasirika. Akaanza kucheka, kicheko kikamletea kikohozi, na katikati ya kikohozi akawa bado anacheka. "Mimi nimewachoma watu migongo Misri nzima! Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika!"

"Watalalamikaje, baba?" alisema Dalal. "Hawavikalii."

Kuanzia hapo nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Inshirah alileta jambo la tatu, sahani. Alizitoa kabatini, zile za kaure zenye ukingo wa bluu, akapakua chakula cha mchana juu yake siku ya kawaida kabisa, Jumatatu. Televisheni ikazimwa wakati wa kula. Ilikuwa mlenda uliopikwa na nyama ya sungura, chakula anachokipenda Rashad, na walikuwa wamekaa sebuleni. Wifi yake Nabawia akaingia bila kubisha, kama desturi yake. Ni mwanamke mwema, mwenye mdomo.

"Wifi! Kuna nini? Nani amekuja?"

"Karibu chakula, wifi. Wewe ndiye umekuja."

"Mimi? Mimi ni mtu wa nyumbani! Unanipa sahani ya harusi mimi? Na huyu kaka yangu kavaa nguo ya kulalia juu ya kochi la watu! Wifi, mgeni akija leo utamweka wapi, jikoni na sungura?"

"Atakaa nasi."

"Watu watasema nyumba ya fundi Rashad imeanguka. Mtu anaumwa, mke anamaliza vyombo, kama wanauza kesho!"

Rashad alikuwa ameinua sahani ampishe dada yake nafasi. Neno lile la kuanguka lilimpiga. Sahani ikamponyoka, mlenda ukamwagika juu ya kochi, juu ya kile kitambaa cha hariri, nayo ikagonga marumaru ikavunjika vipande.

Mlenda mnaujua unavyoteleza. Hakuna kitambaa kinachopona.

Inshirah alisema, "Bismillahi, hakuna aliyekatwa?" Lakini Rashad alikuwa ameshasimama, amebadilika rangi.

"Umeona? Umeona sasa? Funga chumba hiki. Mimi si wa kukaa na hariri. Mimi ni wa karakana, na Idi ikipita narudi huko huko, na asiniambie mtu neno."

Nabawia alianza kulia na kuokota vipande. Inshirah alitoa ufunguo shingoni, pale ulipokaa tangu alipoolewa, akamwekea mumewe mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mimi sitakifunga, baba Dalal. Ukitaka kifungwe, funga wewe."

Akaenda jikoni. Aliniambia kwamba alisimama pale akiwa ameshika ukingo wa sinki, anaomba kwa maneno yake mwenyewe, hata si kwa dua aliyofundishwa. Alisubiri kusikia ufunguo ukizunguka.

Hakuusikia. Alipochungulia, alimwona Rashad amesimama katikati ya sebule, uso kwenye dirisha, anavuta hewa. Anavuta kidogo, anasubiri kama kikohozi kitakuja, anavuta tena. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akauweka ufunguo juu ya meza na kwenda kumsaidia dada yake kuokota kaure. Hakusema amebadili nia, na mkewe hakuuliza. Doa la mlenda liko hadi leo. Walihamisha mto wakalifunika, na mto ukianguka wanaurudisha.

Idi ikaja, ikapita. Tulichinja, tuligawa nyama, watu walipeana mikono. Siku iliyofuata Haji Atwa alikuja, amevaa joho lake la sufi na amebeba sanduku la basbusa, ile keki ya shira. Alikuja kumchukua fundi wake.

Nabawia alikuwepo, nami nilikuwepo jikoni nikimsaidia Inshirah kukaanga maini. Kengele ilipolia Nabawia alichungulia, akarudi mbio.

"Ni Haji Atwa! Wifi, sebule! Vitabu vya Dalal, ndara za kaka, ule mto, ule mrehani unaodondosha majani! Leteni mikono!" Na akaanza kukusanya vitu kwenye upindo wa gauni lake.

"Nabawia," alisema Rashad. "Weka chini."

"Kaka, ni Haji Atwa!"

"Namjua ni nani. Weka ndara zangu chini, nitavaa nini?"

Haji akaingia, akakaribishwa, akakaa. Kwa bahati au kwa kudra, alikaa kwenye kiti kile. Mimi na Inshirah tulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mlango u wazi, sinia la chai tayari mikononi mwake. Hakulipeleka. Aliniambia kwa jicho, ngoja.

Walisalimiana, wakaulizana ndugu wote, walio hai na waliokufa. Haji akaanza kujisogeza.

"Umekaa vizuri, Haji?" aliuliza Rashad.

"Vizuri sana, alhamdulillahi."

Kidogo tena akajisogeza.

"Una hakika?"

"Fundi, kiti chako ni cha mfalme."

"Mwongo! Kinakuchoma mgongo. Kimenichoma na mimi."

Nabawia alishika mdomo. Haji Atwa akamtazama Rashad, akautazama mgongo wa kiti, kisha akacheka mpaka joho likamteleza begani. Akahamia kwenye kochi, upande wa mto.

Ndipo akasema lililomleta. Kuna seti kubwa imeagizwa, harusi ya watu wakubwa, na aliyeiagiza anataka mkono wa Rashad. Atamweka karibu na mlango wa karakana, penye hewa. Atamnunulia barakoa ya kuzuia vumbi, nzuri, ya kutoka nje. "Karakana haina roho bila wewe, fundi. Vijana wanachonga maua kama kabichi."

Maneno matamu, na alikuwa anayasema kwa moyo safi. Hilo ndilo lililotutia hofu zaidi. Nilisikia vikombe vikigongana taratibu juu ya sinia la Inshirah, nikashika upande mmoja nimsaidie. Kila alichokifanya tangu alfajiri ile, kuanzia mashuka aliyoyakata mpaka ufunguo aliomkabidhi mumewe, kilikuwa kwa ajili ya dakika hii. Na dakika yenyewe ilipofika hakuwa na la kufanya. Midomo yake ilikuwa inakwenda, anaomba.

 Rashad alisikika akivuta pumzi, ile ya kidogo, na kusubiri.

"Haji, ninakupenda kama kaka. Vumbi sitalirudia."

"Kwa siku chache tu..."

"Hata kwa saa. Nimepata mahali pa kukaa, nimechelewa sana kukaa, na bado nataka kukaa." Akakohoa kidogo. "Nitakuchorea. Meza ile pale ni pana, Dalal ataniachia nusu. Nitachora kila ua na kila jani, vijana wachonge, mimi nisahihishe. Lakini waridi linashuka miguuni. Mgongoni hapawekwi kitu."

"Kiti cha harusi bila waridi mgongoni? Nani atakinunua?"

"Atakayekikalia."

Haji Atwa alikaa akizungusha tasbihi yake. Mwisho akasema atafikiri, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekubali. Alipeana mkono na Rashad, akakaa ameushika kwa muda, akaaga. Kama michoro ile ingeleta riziki au isingeleta, siku ile hakuna aliyejua, na ukweli ni kwamba miezi iliyofuata Inshirah alishona nguo za majirani ili jiko liwake. Hakuwahi kunung'unika.

Mlango wa nje ukafungwa. Nabawia bado alikuwa amesimama na vitabu vya Dalal mikononi. Kisha tukasikia sauti ya Rashad kutoka sebuleni, ile ile ya ubishi tuliyoizoea.

"Mama Dalal! Chai mbona haiji? Mgeni keshaondoka, na sisi hatunywi?"

Inshirah aliliweka sinia juu ya meza ya jikoni. Alifuta uso wake kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akafuta tena kwa sababu mara moja haikutosha. Akagusa birika, lilikuwa limepoa. Akaimwaga ile chai yote na kubandika maji mengine.